Kabla ya kumshuku jodari, ulizia chupa

Wiki chache zilizopita niliamkia soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Mnada ulikuwa umepamba moto na maji ya barafu yanatiririka miguuni. Mbele ya meza ya jodari alisimama mama wa makamo, kapu kwapani, simu mkononi. Alikuwa ametumiwa ujumbe kwenye grupu la familia: jodari ana zebaki, ana risasi, ana kadimiamu, acheni kumla. Chini yake, kwa maandishi mekundu, tarakimu moja: 0.9.

"Mwanangu, hii umeiona?" akamwonyesha muuzaji.

Kijana akafuta kisu, akainama kusoma bila kuigusa simu. "Sifuri nukta tisa ya nini, mama?"

Mama akasoma tena. Baada ya ile tisa hakukuwa na kitu. Akanunua vibua, akaenda zake.

Yule kijana aliuliza swali zito kuliko alivyodhani. Kama ni miligramu 0.9 kwa kila kilo ya samaki, basi jodari huyo yuko chini ya kikomo cha methili ya zebaki, aina ya zebaki inayojikusanya ndani ya samaki, kilichowekwa na Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, ambacho kwa jodari ni miligramu 1.2. Kama ni mikrogramu, igawe kwa elfu, na hapo habari yenyewe imekufa. Neno moja likidondoka, kosa ni mara elfu. Lakini tusiwacheke sana wanaosambaza ujumbe bila kuusoma. Wataalamu wa bahari nao walikosea kwa kiasi hicho hicho, miaka nenda miaka rudi, na vizio vyao vyote vikiwa vimeandikwa sawasawa. Wao hawakusahau neno. Chupa zao ndizo zilikuwa chafu.

Ndiyo maana naona mjadala wetu kuhusu sumu baharini, pamoja na hii biashara mpya ya kuuza hewa ukaa, unaanzia pabaya. Tunarushiana tarakimu kabla ya kuuliza maji yalichotwaje.

Tuone kwanza ukubwa wa jambo, au tuseme udogo wake. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Chuma kilichoyeyuka kwenye maji ya juu ya bahari kuu, mbali na nchi kavu, mara nyingi ni nanogramu 5 au 6 tu kwa lita. Gawa gramu moja mafungu bilioni moja, kisha chukua mafungu matano. Au chukua bwawa la kuogelea la mashindano, mita 50 kwa 25, kina mita 2, ulijaze maji hayo: chuma chote kilichomo ni miligramu 14 hivi. Msumari mdogo wa gramu 5 una chuma cha kutosha mabwawa zaidi ya 350 ya namna hiyo.

Sasa peleka meli ya utafiti kwenda kukipima. Meli yenyewe ni chuma kuanzia tumboni hadi mlingotini. Mwilini imefungwa vipande vya zinki vya kuzuia kutu, chini imepakwa rangi yenye shaba ili chaza wasiote, bomba linatoa moshi, winchi inatiririsha grisi kwenye waya wa chuma, na baharia anavuta sigara upande upepo unakotokea. Katikati ya hayo yote mtu anateremsha chupa, anaipandisha, anaandika namba. Kwa muda mrefu namba zile zilizidi ukweli mara mia, nyingine mara elfu. Kilichopimwa ni meli.

Aliyeligundua hili kwa uchungu alikuwa mkemia Mmarekani, Clair Patterson. Wala hakuanza na bahari. Alitaka kujua umri wa dunia, na mwaka 1956 alichapisha jibu ambalo bado limesimama, miaka bilioni 4.55. Njia yake ilikuwa kupima risasi ndani ya vimondo, na kila alipopima, risasi ilikuja nyingi na isiyoeleweka. Ilitoka hewani, kwenye rangi ya ukuta, kwenye mabomba, kwenye nywele zake mwenyewe. Ikambidi ajenge maabara inayopuliziwa hewa iliyochujwa, vyombo vikisuguliwa na kulowekwa kwenye asidi, watu wakivaa kama wanaingia chumba cha upasuaji.

Mwenye mashine safi huona uchafu wa wengine. Mwaka 1963 Patterson na mwenzake Mitsunobu Tatsumoto walionyesha kwamba risasi baharini ni nyingi juu na chache chini. Hilo si la kawaida. Maji ya kilindini yalizama karne nyingi zilizopita. Ni kama barua ya zamani ambayo haijafunguliwa. Kama maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya chini, basi kuna kitu kipya kimenyesha kutoka hewani. Kitu hicho kilijulikana: tangu miaka ya 1920 petroli ilikuwa ikitiwa risasi ili injini zisigonge. Patterson akalisema hadharani, na wenye viwanda hawakumpenda tena. Mwaka 1971, jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipokaa kuandika kuhusu risasi hewani, mtu aliyeijua zaidi kuliko wote hakuwemo.

Na tukirudi kwa jodari: mwaka 1980 Patterson na Dorothy Settle walipima jodari mbichi na jodari wa kopo, makopo ya wakati ule yaliyoungwa kwa risasi. Nyama ya kopo ilikuwa na risasi maelfu ya mara kuliko ile ya asili. Kwa nini hakuna aliyeshtuka kabla yao? Kwa sababu maabara za kawaida zilipopima samaki mbichi zilimchafua zenyewe, naye akaonekana ana risasi karibu na yule wa kopo. Uchafu wa maabara ulilificha kopo. Kisa hiki kifundishwe katika kila shule ya uandishi wa habari, maana sisi waandishi ndio wa kwanza kuandika kwamba "viwango ni vya kawaida."

Miaka ya 1970 wengine wakafuata njia hiyo: chupa za plastiki zilizolowekwa kwenye asidi, kamba badala ya waya wa chuma, kupiga makasia kwa mtumbwi wa mpira mpaka mbali na meli, upande unakotoka upepo, na kuchota kwa mkono wenye glovu. Hapo ndipo bahari ilipoanza kusema kitu chenye mantiki. Edward Boyle na wenzake wakakuta kadimiamu inafuatana na fosfati kama kivuli: kidogo juu, nyingi chini. Ken Bruland akakuta zinki inafuatana na silika. Namba zilizokuwa zimetawanyika kama punje za mtama zikajipanga mstari mmoja. Vijimea visivyoonekana kwa macho hunyonya metali hizi juu kwenye mwanga, hufa, huzama, huoza kilindini, na metali hurudi majini hadi maji yatakapopanda tena. Ni mzunguko ule ule wa mbolea shambani, ila wa mamia ya miaka.

Chuma ndicho kilichochelewa kuliko vyote, na ndicho chenye kisa kirefu.

Kwa miaka mingi kulikuwa na kitendawili. Bahari ya Kusini inayozunguka Antaktika, kaskazini mwa Pasifiki, na Pasifiki ya ikweta zina naitreti na fosfati tele, lakini vijimea ni vichache. Shamba limejaa mbolea, mazao hakuna. John Martin, mtaalamu wa bahari aliyekuwa maabara ya Moss Landing, California, alipima kwa usafi wa kina Patterson, na mwaka 1988 yeye na Steve Fitzwater wakaandika kwamba kinachokosekana kaskazini mwa Pasifiki ni chuma. Maji ya bahari yana hewa, na chuma ndani ya maji yenye hewa hushika kutu na kuzama. Kinachobaki karibu chote kimeshikwa na molekuli za kikaboni zinazokizuia kuzama. Bila vumbi la jangwani, maji ya kina yanayopanda, barafu inayoyeyuka au chemchemi za moto za chini ya bahari, maji ya juu hufilisika chuma.

Martin alikuwa na ulimi. Mwaka huo huo, katika mhadhara, alitania: nipeni chuma cha kujaza nusu ya meli, nitawapa zama za barafu. Utani ule ukawa mali ya watu wasiotania. Martin alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla ya wenzake kumwaga chuma karibu na visiwa vya Galapagos na kuyaona maji yakigeuka kijani. Yakafuata majaribio mengine zaidi ya 10 katika bahari mbalimbali, na karibu kila mahali vijimea viliongezeka. Kuhusu chuma, Martin alikuwa sahihi.

Kuhusu zama za barafu, ngoja kidogo. Vijimea vikiota hunyonya hewa ukaa inayoipasha dunia joto, lakini ili iondoke kweli, lazima vizame kilindini na kukaa huko. Mwaka 2009 Wahindi na Wajerumani walikwenda na meli Polarstern katika Bahari ya Kusini, wakamwaga tani 6 za chuma juu ya eneo la kilomita za mraba 300. Vijimea viliota. Halafu wakaja vijidudu vya baharini vya jamii ya kamba, wakavila, nao wakaliwa na wakubwa zao, na kaboni iliyozama ikawa kidogo mno. Maji yale hayakuwa na silika ya kutosha, kwa hiyo vijimea vyenye magamba mazito ya silika, vile vinavyozama vizuri, havikuwapo. Jaribio la mwaka 2004 katika bahari ile ile, kwenye maji yenye silika, lilikuwa limeonyesha kaboni nyingi ikizama. Chuma kile kile, bahari ile ile, majibu mawili. Mwaka 2012 watu wengine hawakungoja wanasayansi wakubaliane: walimwaga takriban tani 100 za salfeti ya chuma kwenye maji ya magharibi mwa Kanada, wakitarajia samaki aina ya salmoni na mauzo ya hewa ukaa. Kelele zilizofuata zilichangia mataifa kuandika, mwaka 2013, marekebisho ya Itifaki ya London, mkataba wa kimataifa dhidi ya kutupa taka baharini, ili kuidhibiti kazi hiyo.

Nayasema haya kwa sababu wachuuzi wa hewa ukaa wanatufahamu. Wameshapita misituni kwetu na mikataba yao mirefu. Ipo miradi ninayoiheshimu: pale Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ukaa ya mikoko yao, na ukitaka kuhakiki unavaa buti, unachukua utepe, unapima shina. Mkoko haukimbii. Chuma ukikimwaga baharini, shamba lako linaondoka na mkondo, kilomita kadhaa kwa siku, na mwenye kuthibitisha kaboni imezama ni yule aliye na chupa safi na kifaa cha kukamata chembe zinazoshuka. Nani atakuwa nayo? Kwa sehemu kubwa, muuzaji. Siku mtu atakapokuja Moroni, Victoria au Dodoma na pendekezo la kuitia mbolea Bahari ya Hindi, jibu langu limeshaandikwa, na halina maneno mengi.

Isitoshe, bahari yetu inajua kujitia mbolea bila mkataba. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, vijimea vilichanua kusini mashariki mwa Madagaska kwa wingi usio wa kawaida, hadi satelaiti zikaona. Watafiti walilihusisha tukio hilo na vumbi lenye chuma lililopeperushwa kutoka kusini mwa Afrika, ardhi ikiwa imekaushwa na ukame. Mkulima aliyelia kwa upepo kubeba udongo wake hakujua anawalisha samaki wa Madagaska.

Risasi inatuhusu kwa karibu zaidi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 meli ya Kijapani, Hakuho Maru, ilikata Bahari ya Hindi kutoka kaskazini hadi maji baridi ya kusini. Ilikuwa sehemu ya GEOTRACES, mpango wa kimataifa ambao sharti lake kuu ni kwamba kabla ya kuaminiwa, maabara zote zipime maji yale yale na zifikie jibu moja. Matokeo ya risasi yalichapishwa 2014. Kaskazini ya nyuzi 20 kusini, eneo ambalo pwani ya Kenya na ya Tanzania zimo, maji ya juu yalikuwa na nanogramu kati ya 9 na 17 za risasi kwa kilo ya maji. Ukishuka hadi karibu na Antaktika unakuta 1.5 hivi. Kilindini, chini ya nanogramu 1. Atlantiki, iliyokuwa imechafuka vibaya hadi miaka ya 1970, ilikuwa imeshasafika kiasi kwamba Bahari ya Hindi, iliyokuwa ya mwisho kuchafuliwa, sasa ndiyo iliyoipita.

Sababu haihitaji mganga. Ulaya na Marekani waliiondoa risasi kwenye petroli mapema. Nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi zilichelewa, na makaa ya mawe yakaongezeka. Afrika kusini mwa Sahara iliazimia Dakar mwaka 2001, na kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondoka vituoni. Nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliacha mwaka 2021, na tangazo likatolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka makao yake Nairobi. Katika hili nazisifu serikali zetu, jambo nisilolifanya mara kwa mara: hakuna sheria ya mazingira iliyojibiwa na bahari waziwazi kama hii. Atlantiki imekwisha kuonyesha jinsi risasi inavyoshuka ukiacha kuimwaga, kwa sababu hugandana na chembe na kuzama, na maji ya juu husafika ndani ya miongo michache. Hakuho Maru ilichota maji yetu miaka minne tu baada ya 2006. Kwa hiyo anayetumia namba zile leo kututisha kuhusu samaki wa leo anasoma gazeti la zamani.

Zebaki haina adabu ya risasi. Haizami ikakaa. Inageuka mvuke, inarudi hewani, inazunguka dunia kwa miezi, inanyesha tena. Ndani ya maji vijidudu huigeuza methili ya zebaki, ambayo hupanda kutoka kijimea hadi dagaa, dagaa hadi jodari, ikiongezeka kila ngazi, ndiyo maana papa na nduaro wana nyingi na dagaa ana chache. Makadirio yaliyochapishwa 2014 yanasema zebaki katika maji ya juu ya bahari za dunia imeongezeka kama mara tatu kutokana na shughuli za binadamu. Na utafiti wa 2024, uliokusanya takriban sampuli 3,000 za minofu ya jodari wa Pasifiki, Atlantiki na Hindi kuanzia 1971 hadi 2022, ulikuta zebaki katika jodari haikushuka, ingawa viwanda vingi vilipunguza kuimwaga. Maji ya chini kidogo ya uso yamehifadhi zebaki ya zamani na yanaendelea kuipandisha.

Hapa kuna hesabu ambayo hatuifanyi kwa haki. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 inawataja wachimbaji wadogo wa dhahabu kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu anaipeleka hewani, kama asilimia 38. Ni kweli, na mwenye kuchenjua dhahabu kwa zebaki kule Geita au Migori, akiichoma kwenye kikaango uani, ndiye anayeuvuta mvuke wa kwanza, yeye na watoto wake. Tanzania na Kenya zimeridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zitekeleze. Lakini zebaki iliyomo ndani ya jodari wa Feri asubuhi ile si ya Geita peke yake. Ni deni la karne na nusu na zaidi la makaa ya mawe na machimbo ya mabara mengine. Kumwonyesha mchimbaji wa Geita kidole kana kwamba ndiye aliyelitia bahari doa ni uvivu wa kusoma.

Tufanyeje? Sitasema tununue meli. Tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, tuna KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa, tuna vijana wenye shahada za kemia wanaouza vocha. Kinachotakiwa mwanzo ni chumba kimoja safi: hewa iliyochujwa, meza za plastiki, asidi halisi, ndoo za kulowekea chupa, na mtu mkali mlangoni anayekataza viatu. Kisha chombo cha kutokea pwani kwenda nje ya mwamba, kaskazi na kusi, kila mwaka mahali pale pale, ili tuwe na mstari wa kwetu wa miaka, hata kama ni wa kilomita chache.

Kuhusu chombo chenyewe nimewaza sana. Wakemia wa miaka ya 1970 walihangaika kupiga makasia ndani ya mpira ili wakimbie chuma cha meli zao. Pwani ya Lamu ilikuwa na mtepe, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi na kuzibwa kwa vigingi vya mti, tanga lake la mkeka, bila msumari hata mmoja. Mitepe ya mwisho ilipotea karne iliyopita, ingawa mfano wake ulijengwa kwa ajili ya makumbusho ya Beit el-Ajaib, Zanzibar. Fundi wa zamani wa Pate angeweza kumfikisha mkemia kwenye maji safi bila hata nanogramu ya kuombea radhi. Ugomvi ungebaki na mpishi, maana sufuria na jiko lake vingelazimika kubaki ufukweni.